Sitini na tano: namba iliyofuta nyuso za watu

Saa moja na robo asubuhi. Mwanamke mmoja amekaa kwenye kiti cha ofisini, mikono mapajani, anautazama ukuta. Ukuta wenyewe hauna kitu: hauna picha, hauna kalenda, hauna hata msumari. Umepakwa rangi ya kijivu kutoka sakafuni hadi juu. Dari nayo ni ya kijivu, na pazia zito lililoziba dirisha ni la kijivu vilevile.

Hasali, wala hajasinzia. Anasafisha macho.

"Nikitoka nyumbani naona majani, mabango, nguo za watu," anasema bila kugeuka. "Macho yanafika hapa yamejaa. Nisipoyamwaga kwanza, rangi za barabarani zitaingia kwenye nyuso za watu."

Dakika kumi zinatimia, anawasha skrini. Mgeni aliyefika na shati la njano ameshavikwa joho la kijivu linaloning'inia nyuma ya mlango. Hilo si vazi la heshima. Njano ya shati huruka hadi kwenye kioo cha skrini, na mwigizaji mzima wa afya akaonekana kama anaumwa ini.

"Usione haya," anacheka. "Hata mume wangu akiniletea chakula namvalisha. Anasema anajiona kama mfungwa aliyekuja kumtembelea mfungwa mwenzake."

Kazi yake ni kurekebisha rangi za filamu, na zaidi ya yote, rangi ya ngozi. Mtu mmoja akipigwa picha asubuhi na tena alasiri, uso wake hutoka tofauti. Jua limesogea, taa imebadilishwa, ukuta wa jirani umepakwa upya. Yeye hukaa na vipande hivyo, kimoja baada ya kingine, mpaka mtazamaji aamini kwamba aliyefungua mlango ndiye aliyeketi sebuleni. Filamu ya saa moja na nusu huwa na vipande kama elfu moja na mia mbili. Vyote hupita mikononi mwake.

Wenzake kazini wanamwita Jicho. Ana miaka arobaini na mmoja na watoto wawili, na kazi hii ameifanya miaka kumi na mmoja. Filamu moja humpa kiasi cha kulipa kodi ya nyumba ya miezi miwili, na kinachobaki hakitoshi kujivunia.

Pembeni mwa skrini yake, chini kulia, kuna alama ya mstatili mdogo, safi kuliko sehemu nyingine. Ni mahali palipobandikwa kitu kwa muda mrefu, kisha kikabanduliwa.

"Hapo alikaa bosi wangu," anasema. "Bosi wangu wa kweli. Wengine wote walikuwa wanapita tu."

Kilichokaa hapo kilikuwa kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, kimeandikwa kwa kalamu nzito: 65.

Ili kuelewa namba hiyo, inabidi kutazama skrini ya pili, ndogo, iliyo kushoto kwake. Hiyo haionyeshi watu. Inaonyesha grafu: sifuri ni giza totoro, mia ni weupe wa taa inayokutazama machoni. Kila uso una mahali pake katikati. Mwalimu aliyemfundisha kazi, mzee aliyekwisha kustaafu, alimbandikia plasta ile siku yake ya kwanza na kumwambia maneno ambayo hajayasahau: "Uso ukikaa sitini na tano, umemaliza kazi. Usiniite."

Naye akatii. Kila uso ulioingia katika chumba hiki aliuzungushia duara, programu ikaufuata popote unapokwenda, naye akaupandisha mpaka sitini na tano. Mama, mwana, mwizi, hakimu, wote wakakaa pale pale.

"Na nilikuwa hodari," anasema. "Watu walikuwa wananisifu. Wanasema, Jicho, filamu zako zinang'aa."

Mwaka jana akaletewa filamu ambayo upigaji picha wake ulikuwa umesimama katikati. Nyumba waliyokuwa wakiitumia ilivuja paa, wakangoja wiki tano, kisha wakaendelea. Mwigizaji mkuu alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne aliyewahi kung'ara katika filamu moja kabla ya hiyo. Katika kundi lao anaitwa Kidoti, kwa sababu ya doa dogo jeusi alilozaliwa nalo chini ya jicho la kushoto.

Siku hiyo Jicho alifungua vipande viwili vinavyofuatana, kabla hajavigusa. Katika cha kwanza, Kidoti anafungua mlango. Katika cha pili, anaingia sebuleni.

"Nikashtuka mpaka nikasukuma kiti nyuma," anasema. "Mlango unafunguliwa na mtu mmoja, anaingia mwingine."

Mara ya kwanza aliilaumu kamera. Akakagua pazia la sebuleni: halikubadilika. Akakagua saa ya ukutani na kitambaa cha meza. Vyote vilikuwa vile vile, namba kwa namba. Kilichobadilika ni ngozi peke yake. Uso uliokuwa thelathini na nane mlangoni ulikuwa hamsini na tatu sebuleni, na mashavuni palikuwa na wekundu wa kitu kilichoungua.

Akaisogeza picha karibu. Masikio yalikuwa bado na rangi ya mwanzo. Viungo vya vidole pia. Doa la chini ya jicho, lile lililompa msichana jina, lilikuwa limefifia kama wino uliomwagiwa maji.

"Nilijua kabla hajaniambia mtu," anasema. "Ngozi ndiyo kazi yangu. Msichana alikuwa anajichubua."

Akampigia simu aje, akisingizia kwamba kuna picha za kukagua.

Kidoti alifika na miwani mikubwa ya jua. Akavishwa joho, akacheka kwamba amekuwa mtawa, akaketi. Mazungumzo yao wote wawili wanayakumbuka, na kila mmoja aliyasimulia kwa wakati wake bila kutofautiana.

"Mdogo wangu, unapaka nini?"

"Mafuta ya kawaida tu, dada."

"Ya kawaida yana jina."

"Aah, dada nawe! Kuna mama anachanganya. Anaweka kwenye vikopo."

"Mkorogo."

Jicho akamuuliza kwa upole nani amemwambia kwamba hapendezi. Msichana akatikisa kichwa.

"Hakuna aliyeniambia sipendezi. Tatizo wananiambia mimi siye."

Ndipo akaeleza. Filamu yake ya kwanza ilipotoka, alidhani angetambuliwa barabarani. Muuza duka mmoja akamkatalia katakata: "Yule wa kwenye filamu mweupe, bwana, usinichezee." Mtoto wa jirani akalia kwamba huyu ni mwongo. Na siku ya uzinduzi wenyewe, akiwa amevaa gauni la kuazima, alifika getini, mlinzi akamtazama, akalitazama bango lililokuwa juu yao lenye uso wake mkubwa kama mlango, kisha akamwambia kwa adabu kabisa: "Dada, hebu pisha njia hapo. Mwenyewe anakuja."

"Na mimi nikapisha," Kidoti anasema, na hata leo anasimulia akicheka, mkono mdomoni. "Nikasimama pembeni namsubiri huyo mwenyewe. Dakika nzima, dada! Na mimi nachungulia barabarani!"

Jicho hakucheka. Alikuwa ameshaelewa jambo ambalo msichana hakulijua. Picha ya bango ilitoka katika kompyuta hii, kutoka katika kipande alichokirekebisha yeye. Ule uso mkubwa kama mlango ulikuwa umekaa sitini na tano.

"Nikamuuliza, kwa hiyo unataka nini hasa? Akaniambia, na hakuwa anatania, 'Nataka nifanane na mimi.'"

Anapofika hapo, anaugeukia tena ule ukuta wa kijivu kuyamwaga macho.

Siku hiyo hiyo alimpigia simu mwalimu wake wa zamani. Mzee alidhani amepigiwa kusalimiwa, akaulizia watoto, akaulizia mume. Jicho akamkata kauli, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mwalimu, sitini na tano uliitoa wapi?"

"Mwanangu, hata mimi niliikuta."

"Uliikuta wapi?"

"Kwa aliyenifundisha. Alikuwa na kitabu cha kazi. Kilikuwa na picha ya mwanamke mmoja, uso wake umeandikwa namba."

"Mwanamke wa rangi gani?"



"Mweupe," mzee akasema. "Mweupe kama hiyo karatasi yenyewe." Kisha, kwa sauti nyingine: "Mwanangu, miaka thelathini sijawahi kujiuliza. Mimi mwenyewe si unanijua nilivyo mweusi? Hata kujipima sikuwahi kujipima."

Ni vigumu kuandika jambo hili bila hasira, lakini Jicho hamlaumu mzee. Anasema hasira zake zote alizimaliza siku aliyofungua kabati la diski na kuangalia picha halisi, zile zilizotoka kwenye kamera kabla hajazigusa. Aliziweka moja moja kando ya kazi yake iliyosifiwa.

"Wapiga picha walikuwa wameleta watu," anasema. "Ngozi ina mng'ao kwenye paji la uso, ina kivuli cha bluu kidogo chini ya taya, ina uhai. Nikaja mimi na duara langu. Ukiupandisha uso mweusi kwa nguvu hivyo, hauwi mweupe. Unakuwa majivu. Nimewapaka watu majivu miaka kumi na mmoja na nikapokea pongezi."

Alihesabu filamu arobaini na tatu. Diski zenye picha halisi alizokuta zilikuwa za filamu kumi na moja tu, kwani nyingine zilikwisha kufutwa ili diski zitumike tena, kama ilivyo kawaida katika ofisi nyingi za filamu. Thelathini na mbili hazirekebishiki. Watu waliomo, baadhi yao wameshafariki, watabaki na rangi ya majivu kila filamu hizo zitakapoonyeshwa.

Asubuhi iliyofuata alibandua plasta. Lakini filamu ya Kidoti ilikuwa bado mezani, mlango na sebule vikiwa na watu wawili, na mtayarishaji alikuwa ameshapanga siku ya kuikabidhi.

Mtayarishaji huyo, ambaye kila mtu humwita Bosi, ndiye humletea Jicho filamu tatu kati ya kila tano. Ni mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kufurahisha, na alipoelezwa tatizo hakuliona.

"Si uwapandishe wote sitini na tano kama siku zote? Wa mlangoni apande, wa sebuleni apande, wanakutana huko juu. Kwisha maneno. Mbona unanitengenezea kazi?"

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa njia rahisi. Ingechukua siku moja. Kufanya kinyume chake, kumrudisha Kidoti wa sebuleni kwenye rangi ya Kidoti wa mlangoni, kulihitaji kushughulika na mashavu peke yake, masikio peke yake, vidole peke yake, katika vipande mia nne na kitu. Jicho aliomba siku tisa.

"Siku tisa? Za rangi?" Bosi aliuliza. "Mama, hii filamu au msikiti tunajenga?"

"Bosi, kaa hapo."

Alimkalisha kwenye kigoda mbele ya ukuta wa kijivu, akawasha taa, akampiga picha kwa kamera ndogo. Kwenye grafu Bosi alikuwa thelathini na tatu. Jicho akamzungushia duara na kumpandisha taratibu, arobaini, hamsini, sitini, sitini na tano. Kisha akamgeuzia skrini.

Bosi akacheka. "Huyu nani huyu?"

"Ni wewe."

"Acha utani. Huyu marehemu."

"Ni wewe, Bosi. Hivyo ndivyo tunavyowatoa watu wako wote."

Bosi anakiri kwamba kicheko kilimwishia mdomoni. Alisogea, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa. "Nilichofikiria ni mama yangu," anasema. "Kwamba mama akiwasha televisheni akaniona vile, atajua nimekufa na watu wananificha."

Alitoa siku sita badala ya tisa, pamoja na onyo: kituo cha televisheni kikiirudisha filamu kwa kusema ni ya giza, filamu ijayo ingepelekwa kwa mtu mwingine. Jicho alikubali. Mume wake, fundi wa majokofu, aliposikia aliuliza swali moja tu, kama wameweka akiba ya ada. Alipoambiwa ipo ya muhula mmoja, akasema, "Basi fanya. Muhula ni mrefu."

Kabla ya kuanza, alimwita Kidoti mara ya pili. Hakumhutubia. Alimwekea picha halisi ya filamu yake ya kwanza, kipande kilekile kilichotumika kwenye bango, kama kilivyotoka kwenye kamera.

Msichana alitazama muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole akaigusa skrini, jambo ambalo katika chumba hiki limekatazwa hata kwa watoto wa mwenye chumba. Aliligusa lile doa la chini ya jicho.

"Huyu mimi?"

"Huyo ndiye aliyekuja siku ile. Mimi ndiye niliyemwambia apishe njia."

Kidoti alilia, Jicho naye akalia, na kazi haikufanyika asubuhi hiyo kwa sababu macho mekundu huona rangi vibaya. Mchana wakaenda pamoja kwa daktari wa ngozi, na vikopo viwili ndani ya mfuko wa karatasi. Daktari alivinusa na kuuliza vimetumika muda gani. Alipojibiwa wiki saba, akasema amewahi. Rangi nyingi itarudi kwa kipindi cha mwaka mmoja au zaidi. Sehemu ndogo ya mashavu huenda isirudi kabisa. Jua alikwepe, mkorogo asiuguse tena, na asitafute dawa ya haraka, maana haraka ndiyo iliyomfikisha pale.

Filamu ilikabidhiwa kwa wakati. Kituo hakikuirudisha. Watazamaji wawili walipiga simu kulalamika kwamba televisheni zao zimeingia giza, na mwingine akapiga kuuliza yule binti mzuri mpya ni nani.

"Mpya!" Kidoti anasema. "Nimeanza upya na sura ya zamani."

Sasa Jicho hufika kazini saa moja asubuhi badala ya saa mbili. Saa hiyo ya kwanza hailipwi na mtu. Anaitumia kurudia zile filamu kumi na moja ambazo picha zake halisi zimesalia, kipande kwa kipande, akianza na ile ya bango. Bosi amemwahidi kwamba diski hazitafutwa kabla ya mwisho wa mwaka, naye Jicho ameiandika ahadi hiyo kwa kalamu nzito mlangoni mwa kabati, Bosi akishuhudia. Kwa mwendo anaokwenda nao, anatarajia kumaliza saba. Anatafuta mtu wa kumsaidia kumaliza nne zilizobaki. Mwalimu wake mstaafu amepiga simu mara mbili kuuliza kama macho ya mzee yanafaa.

Sharti lake kwa yeyote atakayekuja ni moja: kabla ya kugusa kitu, atazame picha halisi mpaka aweze kumwelezea mtu aliyemo bila kutaja namba.

Saa nne kasoro robo mlango unagongwa. Ni Kidoti, bila miwani. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi huja hivi. Anavaa joho mwenyewe bila kuambiwa, anakaa kwenye kigoda, anaweka visigino kwenye alama ya chaki iliyo sakafuni. Taa ni ile ile, umbali ni ule ule, ukuta ni ule ule, ili chochote kilichobadilika kiwe ni yeye.

Picha zake zimepangwa kwenye skrini kwa mstari: hamsini na tatu, hamsini na moja, arobaini na nane, arobaini na sita. Thelathini na nane, alikoanzia, bado ni mbali. Mashavuni wekundu umetulia. Juu ya shavu la kulia kuna kiraka cheupe ambacho hakijasogea tangu picha ya kwanza, na wote wawili wanakiona na hawajifanyi hawakioni.

Jicho anapiga picha. Inatokea. Grafu inaruka kwenye skrini ndogo, lakini kabla Kidoti hajageuza shingo, Jicho ameshaifunika namba kwa kiganja.

"Kwanza niambie unamwona nani."

"Dada, nionyeshe tu."

"Nani?"

Kidoti anainama mbele. Anautazama uso wake mwenyewe jinsi mtu anavyochungulia barabara akimsubiri mgeni. Anatazama masikio, anatazama kidevu, anatazama lile doa chini ya jicho, ambalo leo lina ukingo tena.

Kisha anakaa wima, anapanga joho lake, na kutoa sauti nzito ya mlinzi wa getini.

"Pisheni njia hapo," anasema. "Mwenyewe anakuja."